Pima Ukinzani Kabla ya Kuwasha: Ulinzi wa Mizani ya Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Maruku, Wilaya ya Bukoba)



Mizani ndiyo mlango wa chama cha msingi. Mkulima wa Maruku, wa Kanyigo au wa Kamachumu huleta kahawa yake ya maganda ghalani akiwa amekwisha kupalilia, kuchuma, kuanika na kuchambua. Kazi yake ya mwaka mzima huishia katika namba moja inayosomwa na karani na kuandikwa katika stakabadhi. Tangu chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Bukoba kilipoandikishwa mwaka 1950, imani ya mwanachama kwa chama chake imesimama juu ya namba hiyo. Imani hiyo ikipotea, hakuna hotuba ya mkutano mkuu itakayoirudisha.

Zamani namba hiyo ilisomwa katika mizani ya springi au ya kusukuma jiwe kwenye mtaimbo. Leo vyama vingi vinatumia mizani ya kidijitali, ambayo mwanachama huiona namba mwenyewe bila kutegemea jicho la karani. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini mizani ya springi ilipoanza kuharibika ilitoa ishara: ilipata kutu, ililegea, ilikwama. Mizani ya kidijitali ina bodi ya saketi ndani yake, na saketi huweza kuungua katika sekunde moja. Aghalabu sekunde hiyo ni ile ambayo mtu anabonyeza swichi kwa furaha, mizani ikiwa imerudi kutoka kwa fundi.

Mazungumzo haya yanahusu dakika 5 zinazotangulia sekunde hiyo. Yanaeleza jinsi ya kupima ukinzani wa njia kuu ya umeme ya saketi kabla ya kuirudishia betri, na jinsi ya kuitunza namba inayopatikana katika daftari la chama. Ili pasiwe na mkanganyiko, neno "bodi" likitajwa peke yake hapa lina maana ya bodi ya saketi. Wajumbe waliochaguliwa na wanachama wataitwa Bodi ya Chama.

HASARA HUINGILIA WAPI

Ardhi ya Bukoba na Muleba imejaliwa mvua nyingi. Mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukanda wote wa Ziwa Viktoria unajulikana kwa wingi wa radi. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha mibuni na migomba, lakini ndiyo pia inayoleta unyevu ndani ya maghala na radi katika nyaya za umeme. Mbali na maji na radi, kuna vumbi la maganda ya kahawa linaloingia katika kila tundu, kuna mende na sisimizi wanaopenda joto la saketi, na kuna mikono ya watu.

Mikono ya watu ndiyo inayosahaulika zaidi. Fundi anapobadilisha kifaa kimoja kwenye bodi, tone la risasi huweza kumwagika na kuunganisha mistari miwili isiyopaswa kuungana. Kapasita huweza kufungwa kinyume. Karani anaporudisha betri gizani huweza kufunga waya wa chanya mahali pa hasi. Katika hali zote hizo mizani haina dalili yoyote kwa nje. Kasha ni safi na skrubu zimekazwa. Uharibifu unasubiri umeme tu.

Ichukuliwe mfano wa chama ambacho mizani yake imeungua siku ya tatu ya ukusanyaji. Wanachama wamepanga mstari, magunia yako nje, mawingu yanajikusanya upande wa ziwa. Mizani ya akiba haipo, au ipo lakini haikuhakikiwa mwaka huu, hivyo haifai kutumika. Chama kinaweza kuwaambia watu warudi baada ya juma moja. Lakini mwanachama mwenye mgonjwa wodini au mtoto anayedaiwa ada hana juma moja. Yuko mtu anayemngojea njiani na mizani yake ya mkononi, na yuko mwingine anayemshawishi kwa butura, yaani kuuza kahawa ikingali shambani kwa bei ya mnunuzi, biashara ambayo Serikali imeipiga marufuku na ambayo imewafukarisha wengi. Kwa njia hiyo, tone la risasi dogo kuliko punje ya ulezi huweza kuifukuza kahawa kutoka katika ghala la ushirika.

NJIA KUU YA UMEME NA MAANA YA UKINZANI

Bodi ya saketi inafanana na shamba linalomwagiliwa kwa mfereji mmoja. Umeme hutoka katika betri, hupita katika swichi na fyuzi, kisha huingia katika kidhibiti volti. Mizani nyingi za jukwaa hutumia betri ya risasi na asidi ya volti 6, na kidhibiti huishusha volti hiyo hadi 5 au chini yake. Kuanzia hapo huanza njia kuu: mstari wa shaba unaopeleka umeme kwa kila kifaa kilicho juu ya bodi, kama mfereji unavyopeleka maji kwa kila tuta. Baada ya kufanya kazi, umeme hurudi kwenye betri kwa mstari wa pili, ambao ni hasi.

Kati ya njia ya chanya na njia ya hasi hapana budi pawe na kizuizi cha kiasi fulani. Kizuizi hicho ndicho kinachoitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu. Jina hilo linatokana na Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni nyepesi: gawanya volti kwa omu, utapata mkondo kwa ampea.

Basi ikiwa njia ya volti 5 ina ukinzani wa omu 1,000, mkondo utakaopita ni sehemu 5 za elfu za ampea. Huo ni mdogo, na hakuna kitu kitakachopata moto. Lakini ikiwa njia ile ile ina ukinzani wa nusu omu kwa sababu ya shoti, kanuni inadai ampea 10. Ampea 10 kwa volti 5 ni wati 50, nguvu inayotosha kuendesha chuma cha kuchomea risasi. Hakuna bodi ya mizani iliyotengenezwa ibebe mzigo huo. Vidhibiti vingine vina kinga ya ndani na hujizima vikipata moto. Vingine havina, navyo huungua, na vikiungua huweza kupitisha volti yote ya betri hadi kwenye vifaa vilivyokuwa vizima. Betri nayo haina huruma. Hata ile ndogo ya volti 6 huweza kutoa makumi ya ampea ikipigwa shoti, na waya mwembamba huwaka kabla mtu hajaweza kuichomoa.

Jambo moja zaidi linafaa kueleweka. Juu ya njia kuu moja huwa kuna kapasita nyingi ndogo, zote zimefungwa sambamba kati ya chanya na hasi. Ikipasuka moja tu na kuwa shoti, njia nzima huonekana shoti, hata kama nyingine zote ni nzima. Ni sawa na mfereji uliotoboka mahali pamoja: matuta yote hukosa maji. Kwa hiyo kipimo kimoja kwenye njia kuu huweza kufichua ubovu wa kifaa kimoja kati ya makumi, bila kuking'oa hata kimoja.

JINSI YA KUPIMA

Chombo kinachohitajika ni maltimita ya kawaida, ile ile inayotumiwa na mafundi wa redio na wa umeme wa jua. Utaratibu ni huu ufuatao.

Kwanza, ondoa umeme wote. Chomoa chaja ukutani, kisha toa betri. Mita ikiwa katika sehemu ya omu hutumia betri yake yenyewe. Ikikutana na umeme mwingine itasema uongo, na huenda ikaharibika. Subiri dakika moja au mbili ili kapasita zijimwage, kisha pima volti kati ya chanya na hasi za bodi. Usiendelee mpaka namba iwe sifuri au karibu yake.

Pili, ipime mita yenyewe. Weka sehemu ya omu, gusanisha ncha mbili za waya zake, usome. Mita nyingi huonyesha sehemu 2 hadi 5 za kumi za omu. Huo ni ukinzani wa waya za mita. Uandike, kwa sababu utaondolewa katika kila kipimo kidogo kitakachofuata. Ikiwa namba inarukaruka, waya za mita ni mbovu, na kipimo chochote kitakachofanywa nazo hakifai.

Tatu, weka ncha nyeusi kwenye hasi na ncha nyekundu kwenye chanya ya njia inayopimwa. Usiondoe macho kwenye namba. Mara nyingi itaanza chini, kisha itapanda polepole. Hizo ni kapasita zinazojaa kwa umeme mdogo wa mita. Kupanda huko ni dalili njema. Subiri mpaka itulie, uandike.

Nne, geuza ncha: nyekundu kwenye hasi, nyeusi kwenye chanya. Namba itakuwa tofauti na ya kwanza, kwa kuwa dayodi na aisii hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine. Tofauti hiyo si kosa. Cha kutiliwa shaka ni namba ndogo sana iliyo sawa pande zote mbili, kwa maana kipande cha chuma au tone la risasi halijui chanya wala hasi.

Tano, pima kila njia peke yake: mahali betri inapoingilia, mahali kidhibiti kinapotolea volti 5, na njia nyingine yoyote yenye volti yake. Njia moja kuwa nzima si ushahidi kwamba ya pili ni nzima.

JINSI YA KUISOMA NAMBA

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu wanataka namba moja itakayohukumu bodi zote. Namba hiyo haipo. Iliyopo ni miongozo.

Namba ikiwa karibu sawa na ile ya kugusanisha ncha za mita, yaani chini ya omu 1, bodi ya mizani isiwashwe kamwe. Hiyo ni shoti. Ikiwa katika omu chache au makumi, kuna mashaka, na ni lazima itafutwe sababu. Ikiwa katika mamia au maelfu, kwa bodi ndogo kama ya mizani au ya kipima unyevu wa kahawa, hali ni ya kawaida.

Lakini miongozo hiyo ina mitego miwili. Mtego wa kwanza uko ndani ya mizani yenyewe. Chini ya jukwaa kuna kipande cha chuma chenye vihisi vya uzito, ambacho mafundi hukiita lodiseli. Aina iliyoenea ina ukinzani wa omu 350 hadi karibu 400 katika waya zake za kuingizia umeme. Fundi akipima njia inayoilisha lodiseli bila kuichomoa, atasoma kiasi hicho, naye huenda akadhani bodi ina hitilafu. Jukwaa likiwa na lodiseli 4 zilizofungwa sambamba, atasoma omu 90 au 100 tu, na bado kila kitu ni kizima. Kwa hiyo lodiseli hupimwa peke yake, na bodi hupimwa lodiseli ikiwa imechomolewa.

Mtego wa pili uko katika kompyuta za ofisi. Vyama vingi sasa vinatunza kumbukumbu kwa kompyuta na kuingiza taarifa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Bodi ya kompyuta ina kichakato kikubwa, na njia inayokilisha kichakato hicho huweza kusoma omu chache tu, au hata chini ya omu 1, ilhali haina ubovu wowote. Anayetumia kipimo cha mizani kuihukumu kompyuta ataitupa iliyo nzima.

Mita nyingi zina pia sehemu ya kulia mlio. Ni rahisi kuitumia, lakini mlio si hukumu. Mita nyingine hulia hata kwenye omu 30 au 50, kiasi ambacho kiko mbali na shoti kamili. Sikio lisichukue nafasi ya jicho, isomwe namba.

Inafaa pia kujulikana kipimo hiki kisichoweza kufanya. Mita hupima kwa umeme mdogo mno. Zipo hitilafu zinazojificha kwenye umeme mdogo na kujitokeza bodi ikipewa volti yake kamili. Kwa hiyo kipimo kizuri hakithibitishi kwamba bodi ni nzima. Kinathibitisha tu kwamba haina shoti ya wazi. Ndiyo maana fundi mwangalifu, hata baada ya kupima, hawashi kwa betri moja kwa moja. Hutumia chanzo cha umeme ambacho mkondo wake umewekewa mpaka, au hufunga balbu ndogo ya tochi ya volti 6, ile ya zamani yenye uzi ndani, kwa mfululizo kati ya betri na bodi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, na balbu imeubeba mzigo badala ya bodi. Ikififia au isipowaka na mizani ikaonyesha uhai, hatari kubwa imepita. Balbu hiyo ni ya majaribio tu, na huondolewa kabla mizani haijaanza kazi.

NAMBA YA JANA

Mkaguzi wa ushirika akifika chamani haanzi kwa kuuliza sandukuni kuna fedha kiasi gani. Huanza kwa kuuliza salio la mwanzo lilikuwa kiasi gani. Shilingi laki mbili zilizomo sandukuni hazisemi lolote mpaka ijulikane zilipaswa kuwa ngapi. Vivyo hivyo, omu 640 zilizosomwa leo hazisemi mengi mpaka ijulikane bodi hiyo hiyo ilisoma ngapi ilipokuwa nzima.

Hili ndilo jambo kuu katika mazungumzo haya. Bodi ambayo mwaka jana ilisoma omu 640, na leo inasoma omu 630, haijabadilika. Bodi ambayo mwaka jana ilisoma omu 640, na leo inasoma omu 45, ina ugonjwa, hata kama haijawa shoti. Kwa fundi anayeiona kwa mara ya kwanza, omu 45 ni fumbo. Kwa chama chenye daftari ni jibu. Chama kisichokuwa na kumbukumbu humlazimisha fundi kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwanachama.

Kwa hiyo kila chama kifungue daftari la vyombo vyake vya umeme. Halihitaji zaidi ya kurasa chache. Kila chombo kiwe na ukurasa wake, chenye namba yake ya kiwandani, na mistari iandikwe hivi: tarehe, mahali palipopimwa, omu ncha nyekundu ikiwa kwenye chanya, omu ncha zikiwa zimegeuzwa, omu za waya za mita zikigusanishwa, mita iliyotumika, sababu ya kupima, jina na saini ya aliyepima. Mita itajwe kwa sababu mita mbili tofauti huweza kutoa namba tofauti kwenye bodi moja. Inafaa chama kitumie mita ile ile mwaka hadi mwaka, na itunzwe pamoja na daftari.

Vipimo vichukuliwe nyakati nne: chombo kinapokuwa kipya, kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa, baada ya matengenezo yoyote, na baada ya chombo kunyeshewa, kuanguka au kupatwa na radi. Chombo kilichonyeshewa kikaushwe kwanza kwa siku kadhaa. Kipimo cha bodi iliyo mbichi hudanganya.

KAZI YA KATIBU NA KAZI YA FUNDI

Yamkini katibu atauliza: je, kila mwenye mita afungue mizani ya chama? Jibu ni hapana. Mizani inayotumika katika biashara iko chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, hubandikwa stika na kupigwa lakiri. Anayeigusa lakiri bila idhini anavunja sheria, na pia anaondoa uthibitisho wote kwamba kilo ya mwanachama ni kilo kamili. Kufungua na kutengeneza ni kazi ya fundi mwenye leseni ya kutengeneza mizani, na baada ya matengenezo mizani hapana budi ihakikiwe upya kabla ya kupima hata gunia moja.

Hata hivyo katibu hajafungiwa mlango. Katika mizani nyingi za jukwaa, chumba cha betri hufunguliwa bila kugusa lakiri. Betri ikiwa imetolewa na chaja imechomolewa, katibu huweza kuweka ncha za mita kwenye waya mbili zilizokuwa zimefungwa betri, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, akapima swichi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Swichi ikiwa imezimwa, kwa kawaida namba huwa kubwa sana, au mita huandika OL au tarakimu 1 upande wa kushoto, maana yake ni kwamba njia imekatika. Swichi ikiwashwa, namba hushuka na kutulia mahali pake. Mahali hapo ndipo pa kuandikwa daftarini. Namba ikiangukia karibu na sifuri, katibu airudishe betri rafuni na amwite fundi. Asijaribu kuwasha ili "kuona kama itakubali".

Lipo eneo moja ambalo katibu asiliingie kabisa, nalo ni ndani ya chaja na vifaa vinavyopokea umeme wa ukutani. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa ndani ya chaja za aina ya kisasa hujaza kapasita hadi karibu volti 325, na kapasita hiyo huweza kuushika umeme huo hata baada ya chaja kuchomolewa. Volti hizo huua. Vilevile, paneli ya umeme wa jua haipimwi kwa omu ikiwa juani, kwa kuwa inazalisha umeme muda wote ambao mwanga unaigusa. Kidhibiti chake hupimwa baada ya paneli na betri kutenganishwa nacho.

Kwa fundi, chama kina haki ya kudai mambo matatu kabla ya kumlipa. La kwanza, namba za ukinzani wa njia kuu kabla ya matengenezo na baada yake, zimeandikwa na kutiwa saini. La pili, kifaa kilichobadilishwa kirudishwe chamani, kisibaki kwa fundi. La tatu, uthibitisho kwamba kuwasha kwa mara ya kwanza kulifanywa kwa mkondo uliowekewa mpaka, katibu au mjumbe wa Bodi ya Chama akiwapo. Fundi hodari hatachukizwa na masharti hayo, kwa kuwa ndivyo afanyavyo siku zote. Atakayechukizwa amekwisha kujieleza.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kupoteza muda wakati wakulima wanangoja. Lakini muda unaopotea kwa kupima ni dakika 5, ilhali bodi ikiungua huenda ikasafirishwa hadi Mwanza au Dar es Salaam kutafutiwa nyingine. Makatibu wanajua tayari namna ya kufikiri hivi. Hakuna anayepokea kahawa mbichi ghalani kwa sababu mwenye nayo ana haraka. Unyevu hupimwa kwanza, kwani gunia moja lenye ukungu huharibu yaliyo jirani. Anayekubali kuchelewesha gunia kwa ajili ya kipima unyevu hana sababu ya kukataa kuchelewesha swichi kwa ajili ya mita.

WAJIBU WA WANACHAMA

Mwisho, jambo hili si la katibu peke yake. Mizani ilinunuliwa kwa fedha za wanachama, na ikiungua itanunuliwa nyingine kwa fedha hizo hizo, kwa makato yanayotoka katika kila kilo. Mwanachama katika mkutano mkuu ana haki ya kuuliza: je, daftari la vyombo lipo? Mizani ilipimwa lini mara ya mwisho? Ilipotengenezwa, fundi aliandika namba gani? Maswali hayo yana uzito ule ule wa maswali kuhusu mkopo na malipo ya pili. Chama kinachoweza kuyajibu kwa kufungua ukurasa kitakuwa kimeokoa zaidi ya bodi moja ya saketi, kwa sababu wanachama watakuwa wameona kwamba mali yao inahesabiwa hata ile isiyoonekana kwa macho.

Inapendekezwa basi kwamba kabla ya msimu ujao kufunguliwa, kila chama cha msingi kifanye mambo matatu: kiwe na mita moja nzima na betri yake, kifungue daftari na kuandika kipimo cha kwanza cha kila chombo, na Bodi ya Chama ipitishe azimio kwamba chombo chochote kilichotengenezwa, kilichonyeshewa au kilichopatwa na radi kisiwashwe kabla ya kupimwa. Azimio hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, na nakala yake ibandikwe ukutani juu ya mizani, mahali ambapo karani na mkulima wataisoma pamoja.